Warren Moon, Edmonton na kofia yangu ya Houston

Mwanangu Zainabu,

Marahaba. Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu, ya tatu nikamsomea mama yako kwa sauti akiwa anakuna nazi. Unasema wenzako wa kazini walikupeleka uwanja wa Commonwealth hapo Edmonton, Kanada, ukaona jina la Warren Moon, yule mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, kwenye ukuta wa heshima, ukakumbuka ile kofia yangu ya bluu yenye mnara wa mafuta ambayo mlikuwa mnakatazwa kuigusa, sasa unauliza imekuwaje mtu wangu wa Houston jina lake liko huko, na mtu hodari vile alifuata nini kwenye baridi hiyo. Mama, swali lako nimelipenda sana, na sio la kujibu kwa mistari miwili, ndo maana nimekaa chini.

Kwa kifupi, kwao Marekani walimwambia abadilishe namba, yaani nafasi anayocheza, akakataa.

Sasa nikueleze vizuri. Kazaliwa Los Angeles Novemba 1956, baba yake akafariki yeye ana miaka saba, nyumba nzima watoto wa kike sita na yeye mvulana peke yake, mama yao nesi. Kwa hiyo alijua kupika, kushona, kupiga pasi, yaani mtoto wa kazi. Alipofika sekondari ikabidi achague mchezo mmoja tu kwa mwaka, maana muda mwingine ulikuwa wa kibarua asaidie nyumbani. Akachagua futiboli ya kwao, na kwenye futiboli akachagua kuwa kwotabeki kwa sababu mkono wake ulikuwa unarusha mpira mbali kuliko wenzake na unanyooka.

We umekulia na Coastal na Simba kwa hiyo ngoja nikwambie kwotabeki ni nani. Ndo nahodha wa jahazi. Kila mchezo unaanza mikononi mwake, wenzake kumi wanamsikiliza yeye atawapanga vipi, mpira ukishatoka ana kama sekunde tatu tu, mijitu ya kilo 130 inamjia kumvunja na macho yake hayaruhusiwi kuiangalia, yanatazama mbali kule, nani kakata kushoto, nani kaachwa, halafu anarusha mpira pale ambapo mwenzake hajafika bado ila atafika. Na wa Moon ulikuwa unatoka mkononi unazunguka kama pia, hautetemeki, ukiuona angani unajua tayari huyu wa kule anadaka. Mimi nimeangalia mpira wa kila aina mwanangu, kitu kizuri kama ile pasi yake ndefu sijaona.

Basi miaka ile Marekani wenye timu na makocha wengi walikuwa wanaamini hiyo ni kazi ya kichwa, na kazi ya kichwa sio ya mtu mweusi. Hakuna aliyeiandika popote kama sheria. Kijana mweusi anatoka shule akiwa kwotabeki, anafika mbele anaambiwa wewe una mbio bwana, nenda kadake, au nenda kalinde nyuma, na wengi walikubali maana wanataka kula. Moon hakutaka. Akaanzia chuo kidogo tu pale kwao, West Los Angeles College, mpaka University of Washington ya Seattle wakamchukua kama kwotabeki, kocha akiwa Don James. Huko Seattle walimzomea, na waliomzomea ni mashabiki wa timu yake mwenyewe, nyumbani! Januari 1978 akawapeleka Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, wakaipiga Michigan 27 kwa 20, na mchezaji bora wa siku akawa yeye.

Sasa hapo mtu ungesema ligi kuu, NFL, itamgombania. Wapi. Maneno yaliyokuwa yanamfikia ni yaleyale, badilisha namba. Akasaini na Edmonton, na drafti ya mwaka ule, yaani pale timu za NFL zinapochagua vijana kwa zamu, ikapita raundi zote 12, wakaitwa vijana zaidi ya 300, yeye hakuna timu hata moja iliyomtaja. Nisiwaonee pia, mwaka huohuo Doug Williams, mweusi mwenzake kutoka chuo cha Grambling, alichukuliwa raundi ya kwanza na Tampa Bay, kwa hiyo mlango ulikuwa umefunguka, ila kwa kumpitisha mtu mmoja mmoja tena kwa ubavu.

Kwenye meseji umeandika hakuna anayekuja Edmonton kwa kupenda. Hapo mama nakukatalia. Edmonton ndo mahali pekee walipomwambia njoo ufanye kazi yako ileile. Uwanja wa Kanada ni mkubwa zaidi, wachezaji 12 sio 11, na unapewa majaribio matatu tu ya kusogeza mpira badala ya manne, maana yake lazima urushe sana, na yeye ndo alichokuwa anataka. Mwanzoni hata hakupewa timu yote, alikuwa anapokezana na mzee mmoja fundi, Tom Wilkinson, akatulia akajifunza. Wakachukua Kombe la Grey, ndo ubingwa wa Kanada, mara tano mfululizo, 1978 mpaka 1982, tano! Fainali ya 1981 dhidi ya Ottawa walienda mapumziko wamefungwa 20 kwa 1, Moon akatolewa akaingia Wilkinson, kipindi cha pili akarudishwa, wakashinda 26 kwa 23. Ishike hiyo fainali, nitairudia. Mwaka 1982 akawa mtu wa kwanza kwenye futiboli ya kulipwa kurusha yadi 5,000 kwa msimu mmoja, uliofuata akafika 5,648. Siku hizi timu inaitwa Elks, jina la zamani waliliacha, lakini ni hiyohiyo uliyokwenda kuiangalia.

Ikabidi NFL sasa wamfuate wao, na kwa hela. Mwaka 1984 akaenda Houston Oilers ambako kocha wake wa Edmonton, Hugh Campbell, alishatangulia. Msimu wa kwanza ulikuwa mbovu, mechi 3 walishinda, 13 walifungwa, ila polepole timu ikakaa.

Mimi nilifika Houston 1989, mwanafunzi, usiku naosha vyombo kwenye jiko la hoteli. Nilikuwa sijui kitu kuhusu huo mpira. Aliyenifundisha ni mzee mmoja mpishi, mweusi wa hapohapo Texas, alikuwa na redio juu ya friji, Moon akishika mpira anazima bomba la maji ili asikie. Mwezi wa 12 mwaka 1990 tulimsikia kule Kansas City, mvua inanyesha, anarusha yadi 527 kwenye mechi moja, zilibaki 27 tu aifikie rekodi ya 1951. Mzee alilia mwanangu, machozi kabisa, mkononi kashika mwiko. Kesho yake nikanunua kofia kwa hela iliyotakiwa kuwa ya basi la wiki nzima.

Halafu ikaja tarehe 3 Januari 1993, Jumapili, mechi ya mtoano ugenini kwa Buffalo. Hii lazima uijue maana bila hii humjui Moon. Kipindi cha kwanza alirusha pasi nne za mabao, nne, na huko bao moja na teke lake ni alama saba, wakaenda mapumziko 28 kwa 3, kurudi tu beki wa Houston akanasa mpira akakimbia nao mpaka mwisho, 35 kwa 3. Jikoni tulikuwa tunaimba. Na Buffalo hata kwotabeki wao mkuu Jim Kelly alikuwa majeruhi, alikuwepo wa akiba, Frank Reich. Huyo wa akiba akaanza kurudisha, moja, mbili, tatu, hatukuamini, wakatupita 38 kwa 35, Moon akaivuta timu mpaka ikasawazisha 38, muda wa nyongeza pasi yake ikanaswa, Buffalo wakapiga teke wakashinda 41 kwa 38. Ni kama ile fainali ya Ottawa iligeuzwa ikarudishwa kwake. Nilikuwa nimeshika sufuria, nikalikuta lishakauka mikononi.

Na kilichoniuma zaidi sio matokeo. Pale jikoni msimamizi wetu mmoja akasema, mnaona, ikifika sehemu ya kutumia kichwa hawa watu hawawezi. Hawa watu! Mtu karusha yadi 371 na mabao manne, walinzi ndo wameachia mabao yote yale, lakini lawama ikaenda kwake na kwa rangi yake. Yule mzee mpishi hakujibu, alivua aproni akatoka nje akakaa kwenye ngazi za nyuma, nikaenda kukaa naye. Moon alipoingizwa Jumba la Mashujaa la futiboli, Canton, Ohio, mwaka 2006, akiwa kwotabeki wa kwanza mweusi kuingia pale zama hizi, alisema alikuwa anabeba watu wengine kila anapocheza, na mimi nikakumbuka zile ngazi.

Hakuwa malaika, nisikudanganye. Mwaka 1995 alishitakiwa kumpiga mkewe, Februari 1996 mahakama ikamwona hana hatia, lakini mimi nilipoisikia habari ile kofia niliiweka ndani kwa muda mrefu. Ndo wakati ule mlikuwa mnaniuliza baba mbona huivai.

Baada ya Houston alienda Minnesota, halafu 1997 Seattle, mji uleule waliomzomea akiwa chuoni. Oktoba mwaka ule, ana miaka 40, akarusha mabao matano kwenye mechi moja na uwanja mzima umesimama. Akastaafu akiwa na 44. NFL wanamhesabia yadi 49,325, za Edmonton 21,228 hawazihesabu. Mimi nazihesabu, ni mkono uleule.

Oilers nao walihama wakawa timu ya Tennessee, kwa hiyo timu ya kofia yangu haipo tena. Kofia ipo, juu ya kabati, bluu yake imepauka, mama yako kaifua mara moja bila ruhusa na mnara wa mafuta umebanduka upande.

Nina ombi. Ukipata wikendi rudi pale Commonwealth unipigie picha, jina lote lisomeke, na we mwenyewe usimame chini yake. Na vaa glavu.

Baba yako,
Tanga