Barua kwa mwanangu aliye Kansas City

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Unasema huko uliko mpaka wa Missouri na Kansas unaukata mji katikati, na hata hivyo watu wasio na makazi wa kaunti ya Jackson, upande wa Missouri, na wa kaunti ya Wyandotte, upande wa Kansas, wamo katika mpango mmoja, wenye ombi moja la fedha kwa serikali kuu ya Marekani na hesabu moja ya watu hao inayofanywa usiku mmoja mwishoni mwa Januari. Ukaniuliza: mbona Kampala na Napak, wilaya ya Karamoja kaskazini-mashariki mwa Uganda, zilizo nchi moja, hazifanyi hivyo kwa watoto wanaoombaomba barabarani?

Juzi nilikuwa Wandegeya, hapa Kampala, nikingoja teksi. Msichana wa miaka sita hivi alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, mdogo wake amelala mapajani, kiganja kikiwa wazi juu ya goti. Hakutamka neno; gari lilipokaribia kumkanyaga, alikunja tu vidole vya mguu. Wengi wa watoto hawa wametoka Napak, ambako wizi wa mifugo ulirudi kwa nguvu tangu 2019 na ukame ukamaliza akiba iliyobaki. Usiku wanabanana katika vyumba vya kukodi Katwe na Kisenyi, mitaa ya mabanda ya Kampala.

Msako wa watoto hawa hufanywa, hupandishwa basi, wengine hupitia kituo cha watoto cha Masulita kabla ya kurudishwa Karamoja, na baada ya muda unawaona tena kwenye taa zilezile za barabarani. Kwa maoni yangu kasoro iko hapa: mtoto anavushwa mpaka wa wilaya, lakini wajibu wa kumtunza hauvuki pamoja naye. Aliyemtoa anaona kazi imekwisha basi linapoondoka, na anayempokea anapewa mdomo wa kulisha bila fedha za kuulisha. Ningependa afisa ustawi wa jamii wa Kampala na mwenzake wa Napak watumie daftari moja, na fungu la chakula na shule limfuate kila mtoto hadi mavuno, likisimamiwa na Wizara ya Jinsia, kwa kuwa mamlaka yake yanafika pande zote mbili. Sheria ndogo ya jiji inayokataza kuwapa watoto hela barabarani haiwezi kufanya kazi hiyo.

Niulizie jambo moja, mwanangu: mtu akihama kutoka Kansas kwenda Missouri, faili lake linamfuata kwa njia gani, na nani analipia usiku wake wa kwanza? Nijibu mapema, ili nimpelekee diwani wetu kabla bajeti haijafungwa.

Baba yako