Mekapu ya asili kwenye baridi kali: kwa wewe unayeanza kupamba

Msimu wa baridi ukiingia, mpambaji mgeni hushangaa. Vifaa ni vilevile, mkono ni uleule, lakini faundesheni iliyokuwa ikilala vizuri usoni sasa inajikusanya pembeni mwa pua, inachora vistari chini ya macho, na ikifika mchana mteja anaonekana kama amemwagiwa unga. Wengi hapo hukimbilia kununua faundesheni nyingine. Subiri kwanza. Mara nyingi faundesheni haina kosa, kosa liko kwenye ngozi iliyo chini yake.

Hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo sana. Hewa hiyohiyo ikiingia ndani na kupashwa na hita inapata joto bila kuongezewa maji, kwa hiyo inakuwa kavu zaidi na kufyonza unyevu popote inapoukuta, usoni pakiwemo. Tabaka la juu la ngozi linakakamaa na kuinua vigamba vidogo ambavyo kwa macho huwezi kuviona vyote. Ukishapitisha rangi ndipo vinajitokeza, kwa sababu rangi hushika penye ukavu na kuteleza penye mafuta. Ndiyo maana kwenye baridi zaidi ya nusu ya kazi yangu huisha kabla sijafungua kopo lolote la rangi.

Muoshe mteja uso kwa maji ya uvuguvugu, maana ya moto huondoa mafuta ya ngozi. Tumia kisafishio cha maziwa au cha krimu, sabuni ya kipande iache. Ukimkausha, gandamiza taulo bila kusugua, na uache uso ukiwa na majimaji. Hapo ndipo unapaka seramu yenye gliserini au asidi ya hayaluroni. Hivi viwili kazi yake ni kuvuta na kushika maji, lakini havizuii maji hayo kupotea, kwa hiyo usiviache peke yake kwenye chumba chenye hita. Juu yake weka krimu nzito kiasi, yenye siagi ya shea au dimethikoni (aina ya silikoni), ndiyo itakayofunika. Mafuta ya mgando hufunika kuliko hiyo krimu, ila chini ya faundesheni yanateleza. Mimi nayaweka sehemu tatu tu: mdomoni, kwenye pembe za pua, na palipobabuka kwa upepo.

Halafu usiguse. Dakika 5 hadi 10, acha krimu inywewe. Wanaoanza huona wanapoteza muda, hasa mteja akiwa na haraka, lakini muda huo si wa kukaa bure: chana nyusi na kuzijaza, panga brashi, lowesha sponji. Ukirudi, weka mgongo wa kidole shavuni. Ukisikia unanata kidogo, endelea. Ukisikia utelezi, gandamiza tishu mara moja, kisha uiondoe. Ukipaka rangi kabla krimu haijatulia, itajikunja vijiviringo chini ya sponji, na hapo hakuna dawa ila kufuta na kuanza upya.

Kinga ya jua ipo palepale, hata kama jua halionekani. Miale ya UVA, aina mojawapo ya miale ya urujuanimno ya jua, hupita kwenye mawingu na kwenye vioo vya madirisha, na theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno iliyoiangukia, kwa hiyo uso unapigwa kutoka juu na kutoka chini. Tumia yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi. Kwa ngozi nyeusi angalia isiwe ile ya zinki oksidi isiyo na rangi, maana inaacha weupe ambao faundesheni haitaufunika, itauchanganya tu na kuwa kijivu. Ziko zenye rangi ya ngozi, na ziko zisizoacha alama kabisa.

Sasa faundesheni. Chagua ya majimaji yenye mng'ao kidogo, zile za kukauka kabisa ziweke kando hadi joto lirudi. Weka matone mawili nyuma ya kiganja na uyakoroge kwa kidole. Baridi huzigandisha kidogo krimu zenye nta, na joto la mkono huzilegeza. Anzia katikati ya uso, pembeni mwa pua na chini ya macho na kuzunguka mdomo, kisha vuta kilichobaki kwenda nje. Kingo za uso zibaki karibu na ngozi tupu. Kidevuni na chini ya taya weka kidogo sana, kwa sababu skafu itapafuta tu, na rangi nyingi hapo ina maana ya skafu chafu na uso wenye mabaka.

Pembe ya pua nataka uiangalie kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoharibika kwanza. Ni ya kwanza kubabuka mtu akiwa na mafua, na ndipo anapofuta kila dakika. Usipeleke brashi hapo, nywele zake huinua vigamba. Chukua mabaki yaliyo kwenye sponji yenye unyevu, bila kuongeza rangi, bana ncha ya sponji, na udonoe taratibu kuelekea chini, kufuata vigamba vinavyolala. Kikiinuka kigamba, usikikwangue. Gusa mafuta ya mgando kidogo kwa kidole cha pete, kilaze, subiri kidogo, kisha donoa tena. Mteja atajifuta pua mara kumi, na rangi nyembamba itachakaa taratibu bila kuacha mpaka.

Rangi ya ngozi yenyewe hubadilika kwenye baridi. Nje, mishipa midogo ya damu hubana. Mtu akiingia penye joto inafunguka, na ngozi nyeupe hupata wekundu puani na mashavuni. Usiufute wote, sehemu yake ndiyo inayofanya uso uonekane hai. Ngozi nyeusi mara nyingi hupauka na kupoteza joto lake, na ukiipaka faundesheni yenye ubaridi ndani yake, yaani inayoelekea buluu au waridi, inakuwa majivu. Weka konsila (krimu ya kuficha weusi na madoa) ya rangi ya chungwa kwa wepesi chini ya macho na kuzunguka mdomo kwanza, kisha faundesheni yenye umanjano au wekundu kulingana na mtu. Na usiamini rangi ya faundesheni uliyomchagulia msimu wa joto, mtu anaweza kuwa amepungua rangi. Jaribu tena kwenye taya, karibu na dirisha. Taa za manjano za ndani hudanganya vibaya.

Poda ndiyo ninayogombana nayo na kila mwanafunzi. Mmefundishwa kwamba bila poda mekapu haikai, na kwenye joto la unyevunyevu ni kweli. Kwenye baridi kavu, poda ya uso mzima ndiyo inayozeesha watu. Tumia brashi ndogo, kwenye mbawa za pua na katikati ya paji la uso tu. Mteja akisema ana ngozi ya mafuta, muulize kama inavuta akishanawa. Mafuta ya ngozi na maji ya ngozi ni vitu viwili, na uso unaweza kung'aa kwa mafuta huku umekauka kwa maji.

Rangi ya mashavu iwe ya krimu, na iende kabla ya poda yoyote, la sivyo inashika mabaka. Ipandishe juu kidogo ya pale ulipozoea, na kilichobaki kidoleni kigonge kwenye mgongo wa pua, kwa sababu baridi yenyewe huweka rangi pale na jicho la mtazamaji linaitarajia. Pichi na waridi iliyofifia kwa ngozi nyeupe, matofali na zambarau ya kuiva kwa ngozi nyeusi.

Machoni usikae sana. Upepo wa baridi hutoa machozi, hivyo maskara isiyoingia maji, kope za juu peke yake. Wanja wa ndani ya jicho utashuka, usiuweke.

Midomo ilainishe tangu mwanzo wa kazi, kabla hata ya kunawisha uso. Ikifika zamu yake, ipanguse kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na ngozi iliyolegea itatoka yenyewe. Rangi ya majimaji inayokauka kabisa haifai hapa, itapasuka mteja akicheka. Gonga lipstiki ya kawaida kwa kidole, kingo zisichorwe sana, na mafuta ya mdomo yapite juu. Mwambie asilambe midomo, mate yakikauka yanaacha ukavu mbaya kuliko wa mwanzo.

Mteja akiondoka, mpe mafuta ya mdomo na sponji ndogo safi, poda usimpe. Uso ukianza kupauka mchana, agonge krimu kidogo palipokauka kwa kidole chenye joto, na rangi iliyopo italegea na kutulia tena. Usiku aiyeyushe mekapu kwa mafuta ya kusafishia, akipapasa bila kusugua, kisha anawe na kupaka krimu uso ukiwa bado na majimaji. Ukimpamba tena siku inayofuata, muulize kama alifanya hivyo kabla hujaamua utumie krimu ipi.