Maswali Yenu: Chupa Mbili na Hesabu ya Duka

SWALI: Nina duka la rejareja hapa Kondele, Kisumu. Jioni nikishapiga bia mbili, hesabu hunipotea. Juzi marafiki walinimiminia bia isiyo na kileo bila kunijuza, na bado nikakosea chenji. Ni pombe au ni mimi?

JIBU: Vyote viwili, ndugu, ila pombe ina sehemu kubwa zaidi.

Mteja akichukua sukari kilo 3 kwa bei ya 160 kila kilo na mchele kilo 2 kwa 180 kila kilo, unaishika 480 kichwani huku ukitafuta 360, ndipo uitoe 840 kwenye noti ya 1,000. Kuishika hiyo 480 ni kazi ya kumbukumbu tendaji, na nafasi yake ni finyu. Pombe huilegeza sehemu ya mbele ya ubongo inayoilinda. Mtu akipaza sauti mlangoni, "Na kiberiti!", 480 imeyeyuka.

Kuhusu bia isiyo na kileo: tangu miaka ya 1970 wanasaikolojia hupima jambo hili kwa makundi manne. Wapo wanaoambiwa ni pombe na kweli ni pombe, wanaoambiwa ni pombe kumbe sivyo, wanaopewa bila kuambiwa, na wasiopewa wala kudanganywa. Imani peke yake hubadilisha zaidi mwenendo, yaani kujiachia na uchangamfu. Kumbukumbu huharibiwa hasa na kileo chenyewe. Hata hivyo, anayeamini amelewa huenda akaacha kurudia hesabu yake. Tena jioni moja haitoshi kukuhukumu: uchovu wa kutwa dukani nao hukoseza.

Jipime. Mtu akusomee tarakimu tano, moja kila sekunde, mfano 7-2-9-4-6, nawe uzitaje kinyumenyume. Fanya mara kumi, saa ileile, siku ya bia na siku ya chai. Abadilishe tarakimu kila mara, la sivyo utakuwa umezikariri.

Chupa ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 4 ina takriban gramu 16 za pombe. Mwili wa kilo 70 huondoa kama gramu 7 kwa saa, kwa hiyo chupa mbili ni saa nne na nusu hivi. (Chang'aa haina lebo, usiipigie hesabu hii.) Utajihisi mzima mapema kuliko hapo, na hapo ndipo chenji huenda. Kahawa hufumbua macho tu, haiharakishi ini. Funga daftari la mauzo kabla ya chupa ya kwanza, au liache hadi asubuhi.