Feni ya hema la kuoteshea mimea ndani: juu au chini?

Juu. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo feni ya kutoa hewa inaning'inizwa karibu na paa la hema, na vile vidirisha vya wavu vya chini unaviacha wazi hewa safi iingie yenyewe. Hema la sm 120 × 120 × 200 lina karibu mita za ujazo 2.9. Ukitaka hewa yote ibadilike kila dakika, tafuta feni ya mita za ujazo 175 kwa saa au zaidi.

Ukishafunga zipu na kuwasha, tazama kuta: zikivutwa ndani kidogo, uko sawa. Zikivimba nje, feni umeigeuza.

Kichujio cha mkaa ni cha harufu tu. Kwa sukuma na pilipili ninazootesha huku Minnesota wakati wa baridi sifungi, pesa yake bora uongezee kwenye taa. Ila baridi ikikaza punguza mwendo wa feni, la sivyo inafukuza joto lote la taa na miche ya pilipili inadumaa.