Barua kwa mwanangu: kabla hujanunua gari la turubai

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Nimesoma ujumbe wako: umeona Mazda MX-5 ya 2001, gari dogo la viti viwili lenye paa la turubai la kukunja, hapo Leicester, Uingereza, mwenyewe anakupa nusu saa uiendeshe, nawe unauliza uangalie nini. Angalia maji kwanza, injini baadaye. Injini yake ni ngumu. Kinachoyamaliza magari haya ni kutu.

Mwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ya moto, jua kuna mlio wa asubuhi ambao hataki uusikie.

Ingiza mkono chini ya zulia, nyuma ya viti. Likiwa bichi au likinuka uvundo, vitundu vya kutolea maji vimeziba. Viko viwili, kushoto na kulia, pale turubai linaposhikana na bodi karibu na mkanda wa kiti. Majani huoza humo, maji yakakosa njia, yakashukia kwenye kingo za chini ya milango na kuzitia kutu kwa ndani. Nje rangi inang'aa, ndani bati limekuwa biskuti. Nenda na chupa: mimina nusu lita taratibu kila upande, uchungulie chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Maji yatokee hapo. Kisha bonyeza kwa kidole gumba mwisho wa kingo, jirani na tairi hilohilo. Rangi ikiwa na malengelenge, au bati likibonyea, ondoa gharama ya kuchomelea pande zote mbili kwenye bei, la sivyo achana nalo.

Barabarani, anza paa likiwa limefungwa. Gia ya pili huingia kwa kusuasua injini ikiwa baridi. Huo ndio mwenendo wake, usiogope. Ikiendelea hivyo injini ikishapata moto, hapo gia boksi inaumwa. Tia gia ya nne kwenye maili 30 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka chini: injini ikipiga kelele na gari halichanganyi, klachi imekwisha. Kwenye mteremko achia mafuta, kanyaga tena, tazama kioo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukifika maili 60 upepo utavuma, lazima. Filimbi inayotoka sehemu moja juu ya dirisha ndiyo mbaya: mpira umechoka, na panapopita upepo mvua itapita.

Simama, fungua kamata mbili juu ya kioo cha mbele, kunja. Dirisha la nyuma la asili ni la kioo. Ukikuta la plastiki, turubai limebadilishwa. Fungua zipu kwanza, maana plastiki iliyokunjwa kwenye baridi hupasuka. Sasa pita barabara yenye viraka. Kioo cha kati kitatetemeka, kwani gari lisilo na paa hujipinda kidogo. Milango ikigonga, linganisha pengo lake juu na chini. Likiwa si sawa, bodi imepata ajali au imeoza.

Ukirudi, sogeza kiganja karibu na rimu za nyuma bila kuzigusa. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake, kalipa ya breki, ile inayobana diski, imekwama, ugonjwa wa kawaida wa MX-5, na unatibika.

Risiti ya mkanda wa taiming, ule unaoendesha vali za injini, uidai. Hubadilishwa kila maili 60,000. Ukaguzi wa MOT, ule wa kila mwaka wa usalama wa gari, wa miaka iliyopita unausoma bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya gari, usome leo. Na bima yako ikuruhusu kuendesha gari la mtu, usije ukakamatwa na polisi kwenye majaribio.

Niandikie zulia lilikuwaje.

Baba yako