Asali Iliyoganda Haina Kosa

Wiki hii mmetuuliza: asali mbichi au ya supamaketi, ipi ungeiweka mezani kwako? Swali zuri, lakini limeruka jambo ambalo ningeanza nalo: sega lilitolewa mzingani likiwa limeiva, yaani nyuki wameshaliziba kwa nta?

Tofauti yenyewe haina siri. Ya supamaketi kwa kawaida hupashwa moto, mara nyingi kupita nyuzi 60 za Selsiasi, kisha husukumwa kwenye chujio laini. Moto huua hamira na kuyeyusha chembe za sukari, chujio huondoa chavua na nta, na chupa hukaa rafuni miezi mingi iking'aa. Kinachopotea ni harufu ya maua na sehemu ya vimeng'enya. Ile mbichi hukamuliwa, huchujwa kwa kitambaa, hutulizwa kwenye ndoo siku mbili tatu hadi povu na nta vielee, vienguliwe. Basi.

Sasa kuna ile chupa iliyorudishwa dukani hapa Nakuru Julai moja, asali ya kutoka upande wa Baringo. Mteja akapandisha sauti: "Mama, hii ni sukari guru umetuchemshia!" Mwenye duka naye: "Mzee, asali halisi ndiyo huganda. Ile feki haigandi." Chini ya chupa kulikuwa na tabaka jeupe, gumu kama samli ya asubuhi. Juu yake, kama vidole viwili, majimaji yenye viputo. Kifuniko kilipofunguliwa kilipumua, na harufu iliyotoka ilikuwa ya muratina, pombe ya asali.

Mama alikuwa sawa kuhusu kuganda, nusu. Glukosi hujipanga kuwa chembe, na hufanya hivyo upesi zaidi karibu na nyuzi 14, baridi ambayo usiku wa Julai Nakuru huifikia bila taabu. Chupa hiyo hiyo ingekuwa kwenye joto la Kisumu ingechelewa sana. Lakini hata shira ya sukari inaweza kuganda, kwa hiyo kuganda si cheti cha usafi.

Mzee naye alikosea shtaka tu, maana kosa lilikuwapo. Glukosi ikiganda huachia maji, nayo maji hupanda juu. Asali ikiwa ilikuwa na maji mengi tangu mwanzo, hapo ndipo hamira huamka na kuichachusha. Kiwango cha kimataifa ni maji yasiyozidi asilimia 20. 18 ni salama zaidi. Mrinaji aliyekata sega kabla ya nyuki kuziba angalau robo tatu ya vyumba kwa nta, au aliyekamua majana (watoto wa nyuki) pamoja na asali, ameuza chachu. Na mambo ya kuchovya njiti ya kiberiti kisha kuiwasha, au kudondosha tone majini, hupima uzito na unyevu tu. Shira iliyochemshwa ikawa nzito hufaulu yote mawili.

Nilianza kuandika nikiwa tayari kuicheka supamaketi, na sasa siwezi. Asali ya chupa ya soda kando ya barabara ya Marigat, kwa muuzaji ambaye hutamwona tena? Afadhali ya supamaketi, ingawa nayo huenda ni mchanganyiko wa asali za kila mahali. Ila ukiwa na mrinaji wako anayekuonyesha masega yaliyozibwa, au mwenye refraktomita, kile kifaa cha kupima maji kwenye asali (tone moja linatosha), chukua mbichi na usitazame nyuma.

Ikiganda usiichemshe. Isimamishe kwenye sufuria ya maji ambayo mkono unayavumilia, nyuzi 40 hivi, ukibadilisha yakipoa, hadi ilainike. Inaweza kuchukua nusu siku. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe yoyote kati ya hizo mbili, hata akikohoa usiku kucha: mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ulio hatari kwa watoto wachanga, haziuawi na moto wa kiwandani.