Samaki wa mkebe kwenye kachumbari: mliyoniuliza

Juma lililopita niliandika kwamba mkebe mmoja wa samaki na kachumbari iliyotengenezwa vizuri ni chakula cha mchana cha watu wawili. Mmeniandikia wengi, kuanzia Kondele, hapa Kisumu, hadi Nakuru. Leo nayajibu maswali yaliyojirudia.

*Mama, mimi ni mwanafunzi Maseno na chumbani sina jiko. Samaki wa mkebe si lazima apikwe kwanza?*

Hapana, mwanangu, huyo ameshaiva. Kiwandani samaki hutiwa mkebeni, mkebe ukazibwa, ndipo ukapikwa kwa mvuke mkali wa nyuzi 116 hadi 121 hivi za Selsiasi. Kwa sababu hiyo mkebe ambao haujafunguliwa hukaa kabatini miaka bila friji.

Kazi yako iko kwenye mboga. Anza na kitunguu: kikate vyembamba, kinyunyizie chumvi, kifikiche kwa vidole, kisha kioshe mara mbili na ukikamue. Ukali wote huondoka na maji yale. Chukua nyanya mbili ngumu uzitoe mbegu, karoti moja ya kukwaruza, nusu ya hoho, na dhania. Kamulia ndimu, changanya, ndipo umlete samaki. Mwaga maji au mafuta ya mkebe, halafu mchambue kwa uma abaki vipande vya kutafunika. Wengi humponda mpaka akawa uji, na hapo saladi imekwisha. Avokado iwe ya mwisho, juu kabisa. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja, maana samaki huyo huja na yake. Kwa chapati iliyolala, hapo umeshiba.

Jambo moja nakusihi: kachumbari hailiwi moto, kwa hiyo hakuna kitakachoua uchafu ulioletwa na maji. Osha mboga kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Kipindupindu tunakijua huku kwetu ziwani.

*Naibeba kazini asubuhi, ikifika saa saba imekuwa supu. Nakosea wapi?*

Ni chumvi. Ndiyo inayovuta maji kutoka kwenye nyanya na tango, na ndimu huzidi kuilainisha mboga. Beba mboga zikiwa kavu, chumvi na ndimu ziingie unapoketi kula. Na mkebe uende nao ukiwa umefungwa, uufungulie hapo hapo mezani. Samaki aliyefunguliwa alfajiri akashinda kwenye mkoba hadi saa saba, mimi simli.

*Tunaishi Nyalenda, friji hatuna. Nusu ya mkebe ikibaki mchana, nikiipasha moto jioni si itafaa?*

Haitafaa, na naomba hili ulisome polepole. Jodari, sadini na makrili ni samaki ambao wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani yao kitu kiitwacho histamini. Moto huwaua bakteria, lakini histamini haiondoki kwa kupikwa. Mtu hula, na pengine kabla ya saa moja kuisha uso umekuwa mwekundu, mdomo unawasha, kichwa kinagonga na moyo unakwenda mbio. Samaki mwenyewe huenda hakunuka hata kidogo.

Kipimo ni saa mbili nje ya friji, na siku joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Kwa hiyo nunua mkebe mdogo, au waite watoto wa jirani mmalize pamoja. Mwenye friji amhamishie samaki kwenye chombo chenye kifuniko na amle ndani ya siku mbili.

*Duka la mtaani kwetu huuza kwa bei nafuu mikebe iliyobonyea. Ninunue?*

Inategemea imebonyea wapi. Kibonyeo kidogo ubavuni si neno. Kibonyeo kikigusa ukingo wa mkebe, au pakiwa na mkunjo mkali, au kutu isiyofutika, au unyevu unaovuja, urudishe. Mkebe uliovimba usiufungue wala usionje ujue ladha. Sumu iitwayo botulini yaweza kuwamo bila harufu, na inaua. Ufunge kwenye mfuko, uutupe mahali ambapo watoto na mbwa hawatafika.

*Nina mimba ya miezi mitano, niko Nakuru. Nile jodari?*

Kula, lakini kwa kiasi, kwa sababu ya zebaki iliyomo. Uingereza, huduma yao ya afya huwaambia wajawazito wasizidishe mikebe 4 kwa wiki, kila mmoja ukiwa na gramu 140 hivi za samaki baada ya kumwaga maji. Mimi ningekushauri uchague sadini. Ni samaki mdogo, zebaki yake ni kidogo, na mifupa yake imelainika kwa kule kupikwa, kwa hiyo itafune nayo; ina kalsiamu. Mwulize pia muuguzi wako wa kliniki.

*Mama mkwe anakuja kutoka Seme. Anasema ni aibu kumpa mtu samaki wa mkebe hali ziwa linaonekana mlangoni. Nifanyeje?*

Namwelewa. Samaki wa mkebe ni wa bahari ya mbali, naye amelelewa kwa ngege (tilapia) na mbuta (sangara). Tena anajua jinsi minofu ya mbuta inavyosafirishwa ng'ambo, sisi tukabaki na mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, wa kule Obunga, ambao kuuza kwake kumesomesha watoto wengi. Usibishane naye.

Mtengenezee kachumbari ile ile, ila badala ya mkebe tumia ngege wa kukaanga. Mchambue akiwa amepoa, mwiba mmoja mmoja, kwa vidole, maana uma haitauona. Au tumia omena, dagaa wa ziwani, ila yeye hatoki kwenye gunia akaingia saladini, lazima apikwe. Mwoshe kwa maji ya moto mara tatu au nne, hadi mchanga uishe chini ya sufuria. Mwanike akauke, kisha mkaange kwa mafuta kidogo na moto mdogo mpaka uusikie mlio wake anapogeuzwa. Mpeleke mezani kwenye bakuli lake, kila mtu ajinyunyizie mwenyewe, kwa sababu omena akikutana na ndimu mapema hulainika kabla mgeni hajanawa mikono.